KUPIMA UMBALI KWA LATITUDO NA LONGITUDO
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama)



Sisi makarani twaujua ugomvi wa masurufu ya safari. Mtu huandika kilomita zake, kisha mkaguzi hutwaa ramani na rula, naye husema, "Mbona umezidisha?" Jioni hii twataka kuonyesha hesabu ambayo kila mmoja wetu aweza kuifanya kwa kalamu, ili tujue rula ile yasema nini, na haisemi nini.

Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Basi digrii nzima ni kilomita 111. Longitudo si nyepesi hivyo, kwa kuwa mistari yake hukaribiana kadiri iendavyo kwenye ncha za dunia. Penye Ikweta digrii yake ni kilomita 111, lakini huko London ni 69 tu. Kwa hiyo hapana budi kuzidisha dakika za longitudo kwa kosini ya latitudo ya katikati.

Natutwae Dar es Salaam, 6°48′ kusini na 39°17′ mashariki. Na Tabora, 5°01′ kusini na 32°48′ mashariki. Tofauti ya latitudo ni dakika 107. Ya longitudo ni 389. Ukizidisha kwa 0.995 zabaki 387. (Kwetu kosini hupunguza kidogo mno, hata mvivu aweza kuiacha, tangu Ikweta hata latitudo 8 haishuki chini ya 0.99.) Sasa kanuni ya Pythagoras: 107 mara 107, na 387 mara 387, jumla 161,218. Kipeuo chake cha pili ni 401 na nusu, yaani kilomita 744 hivi.

Lakini hiyo ni njia ya ndege. Reli yenyewe ni zaidi ya kilomita 800, maana hushika magharibi hata Morogoro na Kilosa, karibu katika latitudo ile ile ya Dar es Salaam, ndipo ipandapo kwenda Dodoma.

Basi aandikaye pungufu ya 744 amekosea bila shaka. Aliyezidisha hajawa mwizi kwa sababu ya rula; mkaguzi atakaye kumkata na aonyeshe njia yenyewe. Twashauri kila mwombaji aandike hesabu zote mbili, pamoja na majina ya miji aliyopitia.