MUUMINI NA MKANUSHAJI MBELE YA MAUTI

(Matini ya muhadhara uliotolewa Kilosa mjini na kurudiwa Mikumi)

   



Mada hii imetokana na swali lililoletwa na vijana wetu wanaosoma sekondari na vyuo. Wameuliza: je, ni kweli kwamba asiyemwamini Mungu hufa kwa hofu na majuto, na muumini hufa kwa utulivu? Mimbari nyingi hujibu swali hili kwa neno moja, "ndiyo", kisha khatibu huendelea na mengine. Sisi hatukuridhika na jibu hilo. Kijana atakapokwenda chuoni na kukutana na habari za mkanushaji aliyekufa akitabasamu, atarudi na kutuuliza kwa nini tulimdanganya, na huenda asirudi kabisa.

Tuanze na kuwajua tunaowazungumza. Watu wasiomwamini Mungu si kitu kipya. Qur'ani Tukufu, katika Suratul-Jathiya, imewataja waliosema kwamba hapana ila uhai huu wa dunia na kwamba kinachowaangamiza ni dahari tu. Wanazuoni wakawaita Dahriyya. Katika zama zetu wapo hata kwa majirani zetu. Nchini Kenya jumuiya yao ilisajiliwa mwaka 2016, na sensa ya nchi hiyo ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya laki saba waliosema hawana dini, ingawa asiye na dini si lazima awe anamkana Muumba. Hapa Tanzania sensa haijauliza dini tangu ile ya mwaka 1967, na hilo lina mjadala wake ambao si wa leo.

Je, watu hawa hukabilije mauti? Hoja yao kongwe ilitoka kwa Mgiriki Epicurus, kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Muhtasari wake ni kuwa mauti hayamhusu mtu, kwa kuwa maadamu yupo, mauti hayajafika, na yakifika, yeye hayupo tena wa kuyahisi. Hoja hii iliingia hata katika vitabu vya Kiarabu. Tabibu mkubwa Abu Bakr ar-Razi, aliyefariki mwaka 313 Hijria, aliandika kitabu alichokiita at-Tibb ar-Ruhani, yaani tiba ya roho, na mlango wake wa mwisho unahusu hofu ya mauti. Ar-Razi hakuwa mkanushaji wa Muumba, japokuwa amesimuliwa kukataa Utume, na katika mlango ule anajaribu kumtuliza hata yule anayedhani kuwa roho hufa pamoja na mwili: mfu hahisi maumivu wala hatamani kitu, basi cha kuogopa ni kipi?

Na wapo walioishi hoja hiyo mpaka mwisho. Mwanafalsafa David Hume wa Scotland, aliyekataa mafundisho ya dini, alikufa kwa maradhi ya tumbo mwezi Agosti mwaka 1776. Wiki chache kabla ya hapo alitembelewa na James Boswell, mtu aliyeamini Akhera kwa njia ya Ukristo wake. Boswell alitaka kuona kama mtu yule angetetereka. Alimkuta mchangamfu, akizungumza mauti yake bila ya wahaka. Aliyeondoka pale amefadhaika ni Boswell, yule muumini.

Tumekisimulia kisa hiki kwa makusudi, ndugu zetu. Kama hoja yetu dhidi ya ulahidi ni kwamba walahidi hufa kwa kutetemeka, basi mtu mmoja aliyekufa kwa utulivu ameivunja. Ukweli wa Uislamu haukusimama juu ya utulivu wa nyoyo zetu. Mgonjwa anaweza kutulia kwa sababu amepona, na anaweza kutulia kwa sababu amechomwa sindano ya usingizi.

Watafiti wa elimu ya nafsi nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi iliyokusanya tafiti zipatazo 100 zenye watu wapatao 26,000 kwa jumla, nyingi zikiwa zimefanywa Marekani. Zaidi ya nusu hazikuonesha uhusiano wowote kati ya dini na hofu ya mauti. Lakini zilikuwapo tafiti 11 zilizoweza kupima daraja za imani, na 10 kati ya hizo zilionesha jambo la kuzingatiwa: wenye hofu ndogo ni wale walioshika dini sawasawa, na pamoja nao wale wasioamini kabisa. Hofu kubwa ilikuwa kwa walio katikati.

Hapo ndipo tunapotaka mtulize masikio, kwa kuwa huyo wa katikati tunamjua na tunaswali naye. Anaamini kiasi cha kujua kuwa kuna hesabu, wala haamini kiasi cha kujiandaa nayo. Akiumwa humwendea mganga ampe hirizi. Deni lake halisemi kwa mkewe. Wasia hauandiki, kwa kudhani kuwa kuandika wasia ni kuyaita mauti. Na likipita jeneza mbele ya duka lake, husema neno la istirjaa kwa ulimi huku mkono ukiendelea kuhesabu chenji.

Imamu al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) aliligusa hili katika kitabu cha mwisho cha Ihyaa, kinachohusu kukumbuka mauti. Tunatambua kuwa ndani ya Ihyaa zimo hadithi dhaifu, na al-Hafidh al-Iraqi ameshazibainisha, lakini mgawanyo wake wa watu ni wa mtu aliyezijua nafsi. Yupo aliyezama katika dunia, ambaye hukumbuka mauti kwa kuyachukia tu, na kumbukumbu hiyo humzidishia umbali. Yupo anayetubu, naye pia huenda akayachukia mauti, lakini anachochelea ni kufikwa kabla hajatengeneza mambo yake, kama mtu anayeogopa kumkabili mwenye nyumba kabla hajamaliza kazi aliyopewa. Huyu halaumiwi. Na yupo amjuaye Mola wake, ambaye mauti kwake ni miadi.

Tena mtazame Bibi Aisha (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipoeleza kuwa mwenye kupenda kukutana na Mwenyezi Mungu, Mwenyezi Mungu naye hupenda kukutana naye, na mwenye kuchukia ni kinyume chake, Bibi Aisha alistuka, akasema kwamba sote tunayachukia mauti. Hakukemewa. Alifafanuliwa kuwa makusudio ni ile saa ya kutoka roho, ambapo muumini hubashiriwa radhi za Mola wake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kuchukia kufa ni tabia tuliyoumbwa nayo, na asiwepo wa kumwambia mgonjwa wa saratani kuwa machozi yake ni upungufu wa imani.

Amr bin al-As (r.a.), aliyeifungua Misri, alilia sana katika maradhi yake ya mauti na kugeuza uso wake ukutani. Mwanawe alimkumbusha bishara alizopewa na Mtume (s.a.w.). Amr akazieleza hali tatu za maisha yake: ya ukafiri, ya kusuhubiana na Mtume, na ya uongozi baada yake, akasema kuwa katika hii ya tatu hajui hali yake itakuwaje. Kisha akawausia wakae karibu na kaburi lake kwa muda unaotosha kuchinja ngamia na kuigawa nyama yake, ili apate kuliwazika kwao. Hii imo katika Sahihi Muslim. Basi muumini ana hofu ambayo Hume hakuwa nayo, hofu ya kuulizwa. Pamoja nayo ana tarajio ambalo Hume hakuwa nalo. Anaishi baina ya mawili hayo, na wanazuoni wameyafananisha na mbawa mbili za ndege.

Mpaka hapa tumemzungumza mtu na mauti yake mwenyewe. Lakini wengi wetu mauti tunayafahamu kwa kufiwa, na hapa ndipo hoja ya Epicurus inapokatika. Haina la kumwambia aliyebaki. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika hapa Kilosa, ukazoa nyumba, ukang'oa Reli ya Kati hata safari za treni zikasimama kwa miezi kadhaa, na maelfu ya watu wakaingia katika mahema. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa imepita hapa kuelekea Dodoma ilirudi nyuma mlimani na kugonga treni ya mizigo huko Igandu, wakafa watu 281. Tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mama aliyepotelewa na mtoto katika moja ya misiba hiyo, umwambie kuwa mtoto hahisi kitu? Yeye anahisi. Sisi tunamwambia kuwa mtoto yupo, kwamba ipo nyumba Peponi iitwayo Nyumba ya Sifa kwa aliyefiwa na mwanawe akamhimidi Mola wake, na kwamba aliyekufa kwa maji au kwa kuangukiwa na jengo ana daraja ya shahidi.

Hata hivyo, tuwe waadilifu. Mkanushaji akifiwa hana haja ya kuuliza "kwa nini Mungu amenifanyia hivi?" Muumini huuliza, au huogopa kuuliza. Na baadhi ya wahubiri humjibu vibaya, wakisimama mbele ya waliokumbwa na mafuriko na kuwaambia kuwa hiyo ni adhabu ya madhambi yao. Nani aliyewafunulia? Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na Bibi Aisha kuhusu tauni alieleza kuwa ilikuwa adhabu kwa aliowataka Mwenyezi Mungu, naye akaijaalia kuwa rehma kwa waumini. Na alipofariki mwanawe Ibrahim, mwaka wa 10 Hijria, macho yake yalitoka machozi mbele ya watu, akaeleza kuwa hayo ni rehma. 

Ndugu zetu wa Mikumi mna dawa nyingine ya hofu ambayo ni lazima tuiseme, kwa sababu inaua. Barabara kuu iendayo Zambia inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na kila dereva anajua matuta na vibao vya mwendo vilivyopo. Ukimwambia apunguze mwendo, hujibu: "Ajali haina kinga, siku ikifika imefika." Kijana wa bodaboda hujibu hivyo hivyo kuhusu kofia ngumu. Maneno haya yamevikwa nguo ya imani ya Qadar, na ndani yake mna mtu asiyetaka kuyafikiri mauti. Umar bin al-Khattab (r.a.) alipofika Sargh na kuambiwa kuwa Sham kuna tauni, aliwarudisha watu. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia Qadar ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kuwa ndiyo, wanaikimbia kwenda kwenye Qadar yake nyingine. Na kingo za mto wa Kilosa nazo ni hivyo hivyo: kuziacha zibomoke kisha kusema "ni majaaliwa" ni kumsingizia Mola uzembe wa waja.

Yapo pia yanayofanywa katika misiba yetu, ambayo yaliletwa ili kuliwaza na sasa yanaumiza. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alipouawa Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliagiza watu wawapikie chakula jamaa zake, kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Bibi Aisha naye alikuwa akiagiza talbina, uji laini wa shayiri, kwa wenye huzuni, na kusimulia kutoka kwa Mtume kuwa hutuliza moyo wa mgonjwa na kupunguza majonzi. Sisi tumeugeuza mpango huo. Mjane anauza gunia la mahindi, au anakopa, ili alishe watu wa hitma na wa arobaini, na Swahaba Jarir bin Abdillah (r.a.) amesema kuwa wao walikuwa wakihesabu kukusanyika kwa wafiwa na kutengenezewa chakula baada ya maziko kuwa ni katika kuomboleza kulikokatazwa. Tunajua kuwa wapo ndugu wanaokhitilafiana nasi katika hili. Tunawaomba wamuulize mjane mwenyewe mwezi mmoja baadaye. Kisha wamletee uji, waufagie ua wake, na wamsindikize ofisi ya kijiji shamba la marehemu lisije likaandikwa jina la shemeji.

Tukirudi kwa yule wa katikati, Mtume (s.a.w.) amefundisha, kama alivyosimulia Ibn Umar (r.a.), kuwa haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kuusia kulala mikusha miwili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Ibn Umar alieleza kuwa tangu aliposikia hayo haukumpitia usiku mmoja bila ya wasia wake kuwa naye. Hivyo baada ya swala ya Isha karatasi zitagawiwa kwa imamu wa kila msikiti, Kilosa na Mikumi. Kila mtu aandike anayodaiwa, anayodai, amana za watu zilizo kwake na mipaka ya shamba lake. Asiyejua kuandika ataandikiwa na walimu wa madrasa bila ya malipo, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, nakala moja abaki nayo mwenyewe na nyingine aikabidhi kwa amwaminiye. Wanawake wana karatasi zao, nao wana mali na madeni yao. Maswali ya mirathi yaliyoulizwa Mikumi yatajibiwa katika toleo lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.