NCHI JIRANI: ARDHI YA JAMII NCHINI KENYA

Kwa mfugaji wa Turkana, Samburu au Kajiado, ardhi ni malisho, ni maji, na ni makaburi ya wazee wake. Hata hivyo, kwa miaka mingi aliyeitumia ardhi hiyo hakuwa ndiye mwenye kuiamulia. Sehemu kubwa ilishikwa kwa dhamana na halmashauri za wilaya, na mwaka 2004 ripoti ya Tume ya Ndung'u ilionyesha jinsi dhamana hiyo ilivyovunjwa. Kwingineko, sheria ya mwaka 1968 ya ranchi za pamoja iliwakabidhi wawakilishi wachache hati ya ardhi ya wengi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iligawa ardhi katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Ndipo ikaja Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Kwa sheria hiyo, jamii hujiandikisha, hukutanisha watu wazima wake wote, na kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Kamati husimamia, haimiliki. Kuuza ardhi hutaka ridhaa ya theluthi mbili ya wanachama walioandikishwa, wanawake wakiwa na haki sawa na wanaume.

Lakini hapa pana jambo zito. Ardhi isiyoandikishwa hubaki mikononi mwa serikali ya kaunti kwa dhamana. Ikitwaliwa kwa mradi wa taifa, fidia yake nayo hutunzwa na kaunti hadi jamii iandikishwe. Kwa hiyo jamii inayochelewa huendelea kuishi juu ya mali ambayo ufunguo wake uko kwa mwingine.

Askari anaelewa vyema maana ya jambo hili. Mpaka usiojulikana huzaa ugomvi wa malisho, na ugomvi huo huishia kwenye bunduki. Polisi huitwa usiku kulinda mstari ambao hakuna aliyeuchora. Sheria hiyo imetambua hatari hii, ikahimiza usuluhishi na upatanishi kwa mujibu wa mila kabla ya shauri kufika mahakamani.

Sheria njema imekwisha andikwa. Kilichobaki ni kupima, kuandikisha na kuwaelimisha wenye ardhi. Sheria iliyofungiwa kabatini haichungi ng'ombe, wala haimzuii mnyang'anyi.