«Mpya», lakini mpya ya namna gani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya komite na vijana wa atelye ya foto, siku ya mkutano wa mwezi. Tumeyaandika hapa kwa wanachama ambao hawakuweza kufika, na kwa marafiki wanaotusaidia.)



Nimeombwa niseme juu ya ile objektifu. Wengi munajua habari yake nusu nusu, kwa hiyo niisimulie kwa kifupi. Atelye yetu ilikuwa na apareyi ya Canon na objektifu yake ndogo ya 18-55, ile inayouzwa pamoja na apareyi. Kwa foto za pasi na za kadi za shule inatosha. Kwa arusi za jioni, ndani ya nyumba yenye balbu moja ya sola, haitoshi: mwanga ni kidogo, foto zinatoka zimetikisika, na mama wa bibi arusi anakataa kulipa. Komite ikakubali kununua objektifu ya 50mm f/1.8, ambayo inaingiza mwanga mwingi, kwa pesa iliyotoka kwa wafadhili. Ndugu yetu mmoja aliyehamishwa kutoka kambi ya Nyarugusu kwenda Marekani akainunua kwa intaneti. Muuzaji aliandika «mpya kabisa». Koli ikawekwa katika sanduku la mtu aliyekuwa anasafiri, ikapita Dar es Salaam, ikapita Kigoma, ikavuka ziwa. Ilipofika hapa Baraka vijana wakaifungua, wakaona kwamba namba ya seri iliyo kwenye katoni siyo ile iliyo kwenye objektifu yenyewe.

Hapo njo maneno yalianza. Wengine walisema ndugu yetu alikula pesa. Hapana. Yeye alipokea koli imefungwa, akaipitisha vile ilivyofika. Muuzaji alitoa siku 30 za kurudisha, lakini barabara na ziwa vilizimaliza zile siku zote kabla mtu yeyote hajafungua katoni. Kwa hiyo ninaweka hili mbele ya mengine yote: uchunguzi unafanywa pale koli inapofikia kwanza, na mtu wa kwanza anayeishika. Ndugu yetu aliye kule anaifungua, anaichunguza, anatutumia foto kwa WhatsApp, na kama haiko sawa anairudisha siku ileile. Ikishafika hapa, tunachunguza tu ili tujue tutaandika nini katika rapoti.

Sasa, neno «mpya». Wauzaji wanalitumia kwa vitu vingi, na siyo vyote ni uongo. Kuna objektifu iliyotoka kiwandani ndani ya katoni yake, haijaguswa. Kuna ile iliyotolewa katika seti ya apareyi, mwenye duka akauza apareyi peke yake na objektifu peke yake ndani ya katoni nyeupe isiyo na maandishi. Hiyo ni mpya kweli. 18-55 nyingi zinauzwa hivyo. Kuna ile iliyoletwa kwa soko la nchi nyingine: ni mpya, ila garanti yake inaweza kukataliwa. Kuna iliyonunuliwa, ikafunguliwa, ikarudishwa dukani baada ya siku chache. Kuna iliyorudi kiwandani, ikatengenezwa na kukaguliwa, nayo muuzaji mwaminifu anaandika wazi kwamba ilitengenezwa upya. Mwishoni kuna okaziyo tupu, imepigwa foto miaka, imepanguswa vizuri na kuwekwa ndani ya katoni ya mwenzake. Yetu ilikuwa hii ya mwisho.

Juu ya garanti, mimi binafsi sitalipa dola nyingi zaidi kwa ajili yake. Garanti ya Canon kule Marekani ni ya mwaka 1, na kazi yake inafanyika kule. Ikiharibika hapa Baraka, nani ataivusha ziwa tena? Heshima ya bei ni kitu kingine. Ukilipa bei ya kitu kipya, upewe kitu kipya.

Tuanze na katoni. Namba ya seri iliyo kwenye karatasi ya katoni ilingane na iliyo kwenye mwili wa objektifu, na kama kuna kadi ya garanti yenye namba, nayo ilingane. Namba moja ikikosana, simama hapo. Musihangaike sana na muhuri au plastiki ya juu. Katoni nyingi za objektifu zinatoka kiwandani bila muhuri, na mwenye kutaka kudanganya anaweza kufunga plastiki mwenyewe nyumbani. Angalieni pia kama vifuniko viwili viko, cha mbele na cha nyuma, na kama vina jina moja na objektifu.

Kisha mwili wenyewe. Hapa musiwe na haraka. Tokeni nje, chini ya mwanga wa jua, muondoe kifuniko cha nyuma na kuangalia ile pete inayoshika apareyi. Kila mara objektifu inapofungwa na kufunguliwa, chuma kinasugua chuma, kinaacha mistari ya mviringo inayong'aa. Mstari mmoja mwepesi hauthibitishi kitu, maana kiwandani pia wanaweza kuijaribu. Mistari mingi, mizito, ni miaka ya kazi. Angalieni zile nukta za rangi ya dhahabu zinazopitisha umeme: zikiwa na mikwaruzo, zimetumika. Halafu visi. Kisi ambayo haijaguswa, kichwa chake kiko safi. Kichwa kikiwa kimekwaruzwa au rangi imetoka, basi mtu aliifungua objektifu, na kwenye kitu kipya hakuna sababu ya kufungua. Kwetu visi mbili zilikuwa zimeliwa kabisa. Kijana wetu mmoja alizigundua akiwa na miwani ya mzee wake, tukacheka wote, lakini aliona sawa.

Mbele kuna nyuzi za kufungia filta. Zikiwa na mikwaruzo, kuna filta ilikaa pale. Kwenye pete ya mpira, katikati ya meno yake, vumbi linajificha hata baada ya kupangusa. Pitisheni kijiti cha meno taratibu, muone kitakachotoka.

Kisha torshi. Elekezeni mwanga upande mmoja, muangalie kwa upande mwingine kwa pembe, siyo moja kwa moja. Punje mbili tatu za vumbi ndani siyo neno, hata kitu kipya kinaweza kuwa nazo. Lakini mukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni ukungu, unaota mahali penye unyevu na giza, na unachukua muda. Kitu kilichotoka kiwandani juzi hakiwezi kuwa nao. Sisi wa kando ya ziwa tunaujua vizuri: objektifu isikae ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa, iwekwe ndani ya kopo la plastiki pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya maji.

Jambo lingine ni kujua unanunua nini. Canon wametengeneza 50mm f/1.8 kadhaa. Ile inayoitwa II ilitoka mwaka 1990, na pete yake ya nyuma ni ya plastiki. Mwaka 2015 ikatoka STM kuchukua nafasi yake: pete ya nyuma ni ya chuma, filta yake ni ya 49mm badala ya 52mm, na uzito wake ni gramu 160, wakati ile ya zamani ilikuwa gramu 130. Kwa hiyo mtu akikuuzia II leo na kusema ni mpya, mwulize ilikaa wapi miaka yote hiyo. Na kwa gramu hizo hatuhitaji laboratwari. Wanunuzi wa dhahabu wa hapa kwetu wana mizani ambayo haikosei gramu moja. Omba upime, bila vifuniko. Kuna pia Yongnuo, ya China, inayofanana sana na Canon kwa macho. Siyo kosa kuinunua, inauzwa kwa jina lake. Kosa ni kulipia Canon.

Bei nayo inasema. STM ilipotoka iliuzwa kwa dola mia na kitu kule Marekani. Anayeuza «mpya kabisa» kwa nusu ya bei ya maduka mengine anawauzia kitu kingine.

Kuna aliyeniuliza kama kompyuta inaweza kusema objektifu ilipiga foto ngapi. Haiwezi. Apareyi nyingi zinahesabu, kama kompta ya motoka. Objektifu haihesabu. Foto itawaonyesha jina la objektifu. Hilo linasaidia: pigeni foto moja, musome habari zake kwenye kompyuta, mulinganishe na jina lililo mwilini. Umri hautaonekana.

Sasa rapoti, maana wafadhili wetu watayasoma haya. Katika orodha ya vifaa tulikuwa tumeandaa mstari usemao «objektifu 1, mpya». Kulikuwa na mawazo ya kuuacha hivyo, kwa sababu objektifu inapiga foto nzuri na arusi zimeanza kulipa. Komite ilikataa, nami naunga mkono. Tumeandika «okaziyo, iliuzwa kwetu kama mpya», tukaweka namba zote mbili, ya katoni na ya mwili, pamoja na foto za visi. Ndugu yetu wa Marekani amemwandikia muuzaji na kutuma picha hizohizo. Mpaka leo hakuna jibu, na siku zimekwisha, kwa hiyo sitawapa tumaini la kurudishiwa pesa.

Okaziyo si aibu. Kwa bei ya okaziyo tungeinunua ileile na kufurahi, na pesa iliyobaki ingenunua batiri ya pili, ambayo bado hatuna.

Mwezi ujao tunaagiza torshi kubwa ya apareyi, ile ya kuweka juu. Mama mshika pesa ameomba namba ya seri imfikie kwa WhatsApp, pamoja na foto ya katoni na ya kifaa chenyewe, kabla koli haijafungwa kwa safari. Bila hivyo vitu vitatu, hatatoa pesa ya usafiri. Vijana, daftari la vifaa liko kwenye meza pale. Atakayelishika tumchague kabla ya kutawanyika.