Nipo, Niko, Nimo: Ngeli ya Mahali katika Zama za Uhalisia Pepe



Utangulizi

Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu. Nimefundisha sarufi ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na muda wote huo ngeli ya mahali nimeifundisha kama somo jepesi la wiki mbili. Leo nakiri mbele yenu kwamba somo hilo lilinishinda siku moja, tena mbele ya watu. Mhadhara huu ni jitihada yangu ya kulirudia upya.

Mwezi wa Aprili 2020 nilikuwa Ujerumani kwa kazi ya muhula mmoja. Safari za ndege zilikuwa zimesitishwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Katika siku hizo dada yangu mkubwa akafariki Pangani. Mpwa wangu alinipigia simu ya video tangu jeneza lilipotoka nyumbani. Nilisikia dua, nikaziona nyuso za jamaa, nikauona mchanga mwekundu kando ya kaburi. Mawasiliano yalikatika, na yaliporudi mpwa wangu aliuliza, "Mjomba, upo?" Nikamjibu, "Nipo." Kisha watu wakaanza kutia udongo, kila mmoja mara tatu kwa mkono wake. Bila ya kukusudia nami niliinua mkono wangu. Ukagusa meza.

Miezi kadhaa baadaye nilifika Pangani. Mzee mmoja wa mtaa aliyekuja kunipa pole aliniuliza, "Mwanangu, mazikoni ulikuwapo?" Nilikosa jibu. Mpwa wangu akanijibia: "Alikuwamo, babu. Alikuwamo simuni." Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi alikuwamo, lakini hakuwapo." Hakusema kwa kunilaumu, bali kwa kuliweka jambo mahali pake. Mada yangu ya leo imo katika sentensi hiyo.

Mahali patatu katika sarufi yetu

Kama wanafunzi wajuavyo, Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali: pa-, ku- na mu-. Twaweza kusema "nyumbani pana wageni", "nyumbani kuna wageni" na "nyumbani mna wageni", na kila sentensi ikawa sahihi. Nomino ni ile ile. Kinachobadilika ni namna msemaji anavyopatazama mahali hapo. Vitabu vya sarufi, kikiwamo kile cha E. O. Ashton cha mwaka 1944, vimeeleza kwamba pa- huonyesha mahali mahususi panapojulikana, ku- huonyesha upande au eneo lisilo na mipaka dhahiri, na mu- huonyesha ndani. Kutokana na hivyo tunapata nipo, niko na nimo.

Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya mijini ku- imeanza kuwameza wenzake, na vijana wengi husema "niko" kila mahali. Hata hivyo tofauti hiyo haijafa. Kijana yule yule asemaye "niko kazini" hawezi kusema "jina langu liko kwenye orodha" bila ya kuhisi kwamba "limo" lingefaa zaidi. Aidha, -po imechukua kazi kubwa kuliko ya mahali. Watu wakikutana huulizana, "Upo?" na jibu ni "Nipo", maana yake naishi, tungali pamoja. Na methali yasema: Asiyekuwapo na lake halipo. Kuwapo, kwa hiyo, ni kuwa na fungu. Asiyekuwapo hapotezi mandhari tu, hupoteza na haki yake katika jambo.

Ngano na miwani

Tusidhani kwamba kuhama mahali bila ya kuhamisha mwili ni jambo lililoletwa na kompyuta. Mwanasaikolojia na mwanaisimu Karl Bühler, katika kitabu chake cha mwaka 1934, alieleza kwamba kila usemi una kitovu chake, yaani mimi, hapa na sasa. Akaonyesha pia kwamba kitovu hicho huweza kuhamishwa: msemaji huweza kuonyesha kwa maneno vitu vilivyomo katika fikra tu, na msikilizaji akavifuata kana kwamba anavitazama.

Bibi zetu walilijua hilo. Msimulizi husema "Paukwa!" nasi tukaitikia "Pakawa!" Angalieni kitenzi hicho cha pili: kimeanza kwa pa-. Kabla ya mfalme, kabla ya sungura, kabla ya tukio lolote, ngano huanza kwa kuweka mahali. Hali kadhalika "hapo zamani za kale paliondokea". Tulikuwa mkekani, na wakati huo huo tulikuwa msituni, wala hakuna aliyeusahau mkeka. Ridhaa yetu ndiyo iliyotupeleka: asiyeitikia "Pakawa" hubaki alipo.

Miwani ya uhalisia pepe haitungojei tuitikie. Mwaka 1968 Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha chombo cha kuvaliwa kichwani, kilichoshikiliwa na mtambo uliotundikwa darini. Mvaaji aliona maumbo ya mistari mitupu, lakini alipogeuza kichwa maumbo yale yalibadilika kama yanavyobadilika mazingira halisi mtu anapogeuka. Siri yote imo humo. Katika ngano, fikra hujenga na jicho hupumzika. Katika miwani, jicho hudanganywa kwanza, na fikra huburutwa nyuma yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na watafiti wa Chapel Hill, Marekani, watu waliovaa vifaa hivyo walifikishwa ukingoni mwa shimo lisilokuwapo. Walijua kwamba sakafu ilikuwa kavu na sawa. Mapigo ya mioyo yao yaliongezeka hata hivyo. Mtaalamu Mel Slater, mwaka 2009, alizitenganisha hisia mbili zinazotokea hapo: ile ya kuwa mahali pengine, na ile ya kuona kwamba yanayotendeka yanatendeka kweli. Hisia hizo huja hata pale mtu anapojua kwa yakini kwamba sivyo.

Mkono ulio mbali

Macho na masikio yana mpaka wake. Mwaka 1980 Marvin Minsky aliandika makala kuhusu uwepo wa mbali, na jambo lililomshughulisha zaidi lilikuwa mkono: mfanyakazi avae kifaa mkononi, na mkono wa mashine ulio mbali ufuate kila anachofanya, huku naye akihisi uzito na ugumu wa kile kinachoshikwa kule. Ndoto hiyo haikubaki ndoto. Tarehe 7 Septemba 2001 daktari Jacques Marescaux, akiwa New York, aliongoza mikono ya roboti iliyomfanyia upasuaji wa kuondoa kibofu cha nyongo mwanamke mmoja aliyelazwa Strasbourg, Ufaransa. Bahari ya Atlantiki ilikuwa kati yao, na amri ya mkono na picha yake ya kurudi zilichelewa kwa muda usiofika robo ya sekunde.

Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku ile iliua. Lakini tuwe waangalifu kama wanaisimu, tuulize: upasuaji ulifanyika wapi? Tukisema "mgonjwa alipasuliwa", jibu ni jepesi: Strasbourg. Tukisema "daktari alipasua", tunasita. Mtenda ana mahali pawili, mtendwa ana pamoja tu. Kovu li Strasbourg. Tena kando ya kitanda walisimama madaktari wengine, tayari kuendelea na kazi iwapo mawasiliano yangekatika. Kwa maneno mengine, walioupanga upasuaji ule walijua kwamba mkono wa mbali, hata ukiwa hodari namna gani, wahitaji mtu aliyepo.

Nani hutoa -po?

Hapa ndipo ninapofikia hoja yangu. Taaluma ya uhalisia pepe, kwa sehemu kubwa, hupima uwepo kwa kumtazama aliyevaa miwani: anahisi nini, moyo wake unapigaje, anaamini kwamba yu wapi. Ni kipimo halali, lakini ni cha upande mmoja. Kiswahili kimeweka kipimo cha pili. "Upo?" ni swali, na huulizwa na mwenzako. "Alikuwapo" ni ushahidi, na hutolewa na wengine. Hakuna ajipaye -po peke yake.

Nirudi makaburini. Mpwa wangu aliponiuliza "upo?" nikajibu "nipo", jibu lilikuwa la kweli, kwa sababu -po ile ilikuwa ya mazungumzo: sauti yake ilinifikia, na yangu ikamfikia. Mzee alipouliza, aliuliza -po nyingine, ile ya mazishi, na mazishi ni tendo la mikono. Katika saa ile moja nilikuwako Ulaya kwa mwili, nilikuwamo simuni kwa macho na masikio, na sikuwapo kaburini kwa mkono. Kabla ya vyombo hivi mambo hayo matatu yalikwenda pamoja, ndiyo maana somo langu lilikuwa jepesi. Teknolojia imeyatenganisha. Hivyo basi, anayesema kwamba uhalisia na upepe sasa ni kitu kimoja hajasema kweli yote. Umoja uliokuwapo ndani ya neno "kuwapo" ndio uliovunjika, na vipande vyake tunavyo majina tayari.

Hili si la sarufi tu. Harusi hufuatiliwa kwa simu, wanafunzi hutetea tasnifu zao mbele ya kioo cha kompyuta, na vikao huamua mambo makubwa huku nusu ya wajumbe wakiwa majumbani. Katika daftari la mahudhurio wote huandikwa "waliokuwapo". Nani basi aliona karatasi zikipitishwa chini ya meza? Nani alisikia mnong'ono wa mlangoni? Asiyekuwapo na lake halipo, na tukigawa -po kwa urahisi tutawanyima watu fungu lao huku tukiwahakikishia kwamba wamelipata.

Neno "pepe"

Niseme kidogo juu ya istilahi. "Uhalisia pepe" limefuata nyayo za "barua pepe", na wengi hulihusisha na upepo kwa ajili ya wepesi na kasi. Lakini mkulima wa mpunga ana "pepe" yake: punje yenye ganda kamili isiyokuwa na kiini. Kwa macho haijulikani. Hutiwa ungoni ikapepetwa, ndipo huruka na punje nzima hubaki.

Sitaki kusema kwamba kila kilicho pepe ni kitupu. Barua pepe imeleta habari za kweli, misiba na ajira. Sauti ya dua niliyoisikia siku ile ilikuwa sauti ya kweli, na machozi yangu hayakuwa pepe. Ninachosema ni kwamba punje na pepe havitenganishwi kwa kutazama bali kwa kupepeta, na lugha ni ungo mzuri tukiutumia.

Hitimisho

Nawaomba wanafunzi wetu mambo mawili. Kwanza, mkusanye data. Sikilizeni watu wanaposimulia mikutano ya video, michezo ya kompyuta na mazishi yaliyotazamwa kwa mbali. Andikeni ni wapi wanasema nipo, wapi niko, wapi nimo. Pili, mtakapounda istilahi za vyombo vijavyo, msikimbilie neno moja kwa mambo ambayo babu zetu waliyapa viambishi vitatu.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena Pangani, nikafika kaburini na mpwa wangu. Udongo ulikuwa umekwisha kushikana na majani yameota. Niliinama, nikang'oa magugu, nikayaweka kando. Mpwa wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, kana kwamba bado ameshika simu, "Mjomba, upo?" Nilikuwa na udongo mkononi. Nikamjibu.