Glavu Zivuliwe Kabla ya Kutoboa

Tangu mwaka 2024 baadhi ya sekondari za Tanzania zinafundisha mkondo wa amali, na leo nazungumza na wewe mwalimu uliye karakanani na darasa lililofurika, mashine ya kutobolea ni moja.

Waulize wanafunzi wako: anayetoboa bati avae glavu au asivae? Wengi watasema avae. Wamekosa. Mashine ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya mara 16 kwa sekunde. Biti ikidaka uzi wa glavu, vidole vinafuata kabla mtoto hajasema “mama!” Glavu ni za kubebea bati lenye ncha na za kuchomelea. Kwenye kinachozunguka, zivuliwe. Na tai ya shule nayo ivuliwe, mikono ya sweta ikunjwe, ncha za mtandio zichomekwe ndani ya ovaroli. Bati libanwe kwenye jiliwa, lisishikwe kwa mkono, kwa sababu biti inapokaribia kutokea upande wa pili hulinyakua na kulizungusha, na kingo zake zinakata.

Haya hayakai kichwani kwa kunakili ubaoni. Mwanafunzi atapata alama zote kwenye jaribio, kisha ataacha ufunguo wa kukazia biti umechomekwa mashineni. Mashine ikiwashwa, ufunguo unachomoka na kuruka, na uso wa mtu uko jirani. Basi anza umeme ukiwa umezimwa. Mmoja mmoja aje, akaze biti, atoe ufunguo, aurudishe mahali pake, aguse swichi nyekundu ya kuzimia. Ndipo umruhusu kuwasha. Itakula kipindi kizima; na ikile.

Mwanga wa kuchomelea ndio wenye hila, maana hauumi papo hapo. Anayechungulia bila kinyago ataondoka akicheka, halafu usiku bwenini ataamka macho yanachoma kana kwamba yametiwa mchanga. Miwani ya jua haitoshi hapo. Asiye na kinyago akae nyuma ya pazia la kukinga mwanga huo.

Nanyi wakuu wa shule, kabla ya kuagiza mashine ya pili, nunueni kwanza miwani ya kinga inayomtosha kila anayeingia karakanani.