Mpira Hauna Honi
(Hotuba iliyotolewa kwa wanachama mkutanoni, Kilifi)



Twawaletea salamu za wenzenu wa reli. Pengine mtu atauliza, watu wa reli na gofu wapi na wapi? Jibu letu ni hili. Kule Nairobi uko uwanja wa gofu wa Reli, ulioanzishwa mwaka 1922, na njia ya treni imepita ndani yake. Treni inapokuja, mchezaji hungoja. Kila kitu kina zamu yake na njia yake. Hilo ndilo neno tulilokuja nalo leo.

Hapa pwani gofu ni kazi ya watu wengi. Uko uwanja wa Malindi, na uko ule wa Vipingo wenye mashimo 18, ambako mabibi wa nchi mbalimbali walikuja kushindana. Mwaka 2019 alishinda Esther Henseleit wa Ujerumani, na mwaka 2023 akashinda Aditi Ashok wa India. Magazeti yaliwasifu, na walistahili. Lakini nyasi hukatwa na nani? Mifuko huchukuliwa na nani? Ni ninyi, ndugu zetu.

Sasa tuingie katika maneno yenyewe. Wenye viwanja hupenda kuwa na mahali pa mazoezi, ambapo wachezaji husimama mstari mmoja na kupiga mpira baada ya mpira bila kuufuata. Kwa kuwa ardhi ni ghali, mara nyingi mahali hapo huwekwa kando ya shimo mojawapo. Hapo ndipo hatari inapoanza. Mpira wa gofu haufiki gramu 46, lakini ukipigwa na mtu mwenye nguvu hutoka kwa mwendo unaopita kilomita 200 kwa saa. Treni mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, haiendi mbio hizo. Tena treni ina honi. Mpira hauna.

Tunamjua mwokota mipira mmoja aliyepigwa nyuma ya sikio hali ameinama. Alipona, Mungu asifiwe, lakini alilala nyumbani siku kumi na mbili, na siku hizo hakulipwa. Alipouliza, aliambiwa, "Ajali haina kinga." Jina la mahali hatulitaji. Neno lile ndilo tunalolikataa. Ajali ya namna ile ina kinga, na kinga yake huanza katika ramani, kabla ya mambo ya kupigwa chini.

Kwanza, jua. Hapa kwetu jua hutoka baharini na kuzama bara. Mtu akipiga kuelekea magharibi wakati wa jioni, haoni mpira wake unakwenda wapi, wala hamwoni mtu aliye mbele yake. Kwa hiyo mstari wa kupiga uelekee kaskazini au kusini.

Pili, mkono. Wachezaji wengi hutumia mkono wa kulia, na yule asiye hodari, mpira wake hupinda kwenda kulia. Wako pia wanaokosea kushoto, basi nafasi iachwe pande zote mbili, ila ya kulia iwe kubwa zaidi. Tena kumbukeni ya kwamba anayecheza lile shimo la jirani naye hukosea kulia. Kama mahali pa mazoezi pako kulia kwake, mwokota mipira anapigwa kutoka mbele na kutoka ubavuni. Ni kama treni mbili kupewa njia moja.

Tatu, upepo. Hili mgeni mchora ramani aweza kulisahau, lakini mvuvi yeyote wa hapa angemwambia. Kusi hutoka kusini-mashariki, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Zote mbili zina upande wa bahari ndani yake, na zote huusukuma mpira kwenda bara. Basi mtu akipiga kuelekea kusini, kulia kwake ni bara: kosa la mkono na nguvu ya upepo huungana. Likiwapo shimo upande huo, hapana usalama. Akipiga kuelekea kaskazini, kulia kwake ni bahari: mkono wavuta huku, upepo warudisha kule. Hiyo ni nafuu. Lakini nayo ina dawa yake, kwa sababu wakati wa kusi upepo humtoka mgongoni, na mpira huenda mbali zaidi. Mchezaji hodari hupita mita 250 hata pasipo upepo. Kwa hiyo urefu usipungue mita 275, na kule mwisho pasiwe na njia ya watu wala kisima.

Nne, ukuta. Wavu ni mzuri, lakini nguzo na waya za chuma huliwa na chumvi ya bahari, basi iwepo fedha ya kuvitengeneza kila mwaka. Mivinje nayo ipandwe mapema. Kule Bamburi ilipandwa kuanzia mwaka 1971 katika machimbo yaliyokuwa mawe matupu, ikashika. Hata hivyo mche wa leo hauzuii mpira wa kesho.

Tano, zamu. Sisi wa reli hatuingii njiani kwa kubahatisha. Iwekwe bendera nyekundu: ikipanda, hakuna kupiga mpaka mwokota mipira wa mwisho atoke. Trekta la kuokotea liwe na kizimba cha waya, na anayeokota kwa mkono apewe kofia ngumu.

Ndugu wanachama, haya si maombi ya huruma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema penye wafanya kazi 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama, nao wafanya kazi wawemo. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, yampa aliyeumia haki ya fidia, na yamtaka tajiri apeleke habari ya ajali serikalini ndani ya siku 7. Yule mwenzetu hakuyajua haya. Wala sisi tulikuwa hatuyajui.

Basi twawaomba jambo moja tu. Mkisikia ya kwamba mahali pa mazoezi patajengwa, kamati yenu iombe kuiona ramani kabla ya mambo kupigwa. Mpelekeni mkata nyasi, na kedi, na mwokota mipira, wasimame pale shambani saa kumi alasiri, upepo ukivuma, waonyeshe kwa kidole mahali wanapofanyia kazi. Kuusogeza mstari katika karatasi ni kazi ya kifutio. Kuusogeza baada ya mtu kuumia ni kazi ya mahakama.

Umoja ni nguvu.