Mshipi, Ndoana na Chelezo: Tumuulize Mvuvi Kwanza

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za maendeleo za sharika, Mtwara)



Nimepewa mada ya zana za uvuvi. Leo sitazungumzia nyavu wala injini. Nitazungumzia zana ndogo kuliko zote: mshipi wenye ndoana, chubwi na chelezo. Ndiyo zana ya mzee wa Msimbati mwenye mtumbwi wake, na ya yule anayevua kando ya mikoko kwenye mdomo wa Ruvuma, awe Mkristo au Mwislamu.

Chubwi huvuta chambo chini. Chelezo hukishikilia kwenye kina anachotaka mvuvi, juu ya matumbawe na majani ya bahari yanayonasa ndoana. Samaki akigusa, chelezo hucheza. Wakati wa bamvua mkondo ni mkali. Wakati wa maji mafu hutulia. Mvuvi hubadilisha uzito na kina kufuatana na maji. Elimu hiyo haimo kwenye maandiko yetu ya miradi.

Zamani watu walivulia nyuzi za pamba au katani, na chelezo kilikuwa kipande cha mti mwepesi. Uzi ulianikwa baada ya kuvua ili usioze. Kisha ikaja nailoni, iliyotangazwa Marekani mwaka 1938: nyembamba, imara, haiozi. Chelezo nacho siku hizi hukatwa kwenye ndala iliyochakaa, na boya kubwa ni dumu au chupa. Tusicheke. Ndala haifyonzi maji, tena haigharimu kitu. Shida huja vikipotea. Uzi usiooza hubaki kwenye matumbawe ukinasa viumbe, na kasa humeza vipande vya plastiki.

Badiliko jingine ni la tabia. Vijana wengi huona mshipi ni kazi ya wazee. Wanataka juya, maana linaleta fedha siku hiyo hiyo. Lakini juya la kokoro hukokota wakubwa na wachanga pamoja, na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zimelipiga marufuku. Hapa kwetu tuna pia Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye masharti yake. Ndoana huchagua: iliyo kubwa haiingii kinywani mwa changu mchanga. Hata hivyo tuseme kweli. Mshipi haumtajirishi mtu, na kusi ikivuma kwa nguvu mwenye mtumbwi mdogo hukaa nyumbani huku watoto wakihitaji kula. Tukimwambia kijana aache juya bila kumwonyesha atakula nini, hatujamsaidia.

Hapa naomba nikiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, mradi niliouratibu uliwagawia wavuvi mishipi minene, maboya mekundu ya dukani na ndoana za ukubwa mmoja. Tuliporudi baada ya miezi mitatu, mishipi ilikuwa imefungia mbuzi na maboya yalikuwa michezo ya watoto. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mngeniuliza kwanza navua samaki gani." Ripoti yetu ilikuwa imeandika kwamba zana zote ziligawiwa. Ilikuwa kweli, na haikuwasaidia kitu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kamati isiandike orodha ya zana kabla ya kukaa na wavuvi ufukweni, wazee na vijana, na kuona wanachotumia. Pili, kila bajeti ya mishipi iwe na fungu la kukusanya nyuzi na maboya yaliyochakaa, yasiishie baharini. Tatu, wahisani wetu watuvumilie tukichelewa kununua kwa sababu bado tunauliza.

Katika Mathayo 17 Petro alitumwa baharini na ndoana tu. Samaki mmoja alitosha kulipa kodi ya watu wawili. Si lazima zana iwe kubwa. Ni lazima imfae anayeishika.